HABARI ZA MARADHI NI MALI YA WANANCHI

Wazee wetu walituachia neno fupi lenye hekima ndefu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Neno hili tumezoea kumwambia mtu mmoja, aliye na kidonda asichotaka kukionyesha kwa mganga. Leo twaliambia dola. Kwani dola nayo yaweza kuwa na kidonda ikakifunika kitambaa, na ikamkamata mkono yeyote anayetaka kukifunua. Tofauti ni kuwa mtu akificha maradhi yake hufa peke yake, lakini dola ikificha maradhi hufa wasiokuwa na habari.

Sababu ya kuliandika jambo hili ni mabadiliko ya Kanuni za Afya za Kimataifa. Mabadiliko hayo yalipitishwa Geneva tarehe 1 Juni 2024 katika mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani, na yakaanza kutumika tarehe 19 Septemba 2025 kwa nchi nyingi ambazo hazikuyakataa. Kanuni kama hizi hazipigiwi ngoma. Wengi husikia jina la Geneva wakadhani ni mambo ya wakubwa na vitabu vyao, yasiyomhusu mvuvi wa Nungwi wala mchuma karafuu wa Wete. Twasema yamhusu sana. Kanuni hizi ndizo zinazosema nani aseme, amwambie nani, na kwa muda gani, pindi maradhi ya kuambukiza yanapoingia katika nchi. Na kwa sisi tunaoishi visiwani, ambao kila siku boti na ndege hutuletea wageni na ndugu zetu, swali la nani aseme na lini aseme ni swali la uhai.

Yafaa kwanza tueleze mambo yalikotoka. Kanuni za zamani, zile za 1969, zilikuwa na orodha fupi ya maradhi ya kuripotiwa. Ndui ilipokwisha kutokomezwa duniani, orodha ilibaki na maradhi 3: kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Zaidi ya hapo, habari rasmi ilikuwa ni ile tu iliyotoka kinywani mwa serikali yenyewe. Serikali ikinyamaza, Geneva nayo haikuwa na la kusema. Mpango huo ulifanana na mahakama ambayo shahidi wake ni mshtakiwa peke yake.

Kisha yakaja maradhi ya SARS. Yalianza katika jimbo la Guangdong, Uchina, mwezi wa Novemba 2002, na wakubwa wa huko wakayakalia kimya mpaka Februari 2003. Maradhi hayakungoja ruhusa. Yalipanda ndege yakafika Hong Kong, Singapore, Hanoi na Toronto. Walipohesabiwa, watu zaidi ya 8,000 walikuwa wameugua na 774 wamekufa. Hapo dunia ilishtuka, na Kanuni zikaandikwa upya mwaka 2005 na kuanza kutumika tarehe 15 Juni 2007. Orodha fupi ikaondolewa. Kila tukio linaloweza kuwa hatari kwa dunia, liwe na jina au lisiwe nalo, liripotiwe katika muda wa saa 24 tangu serikali ilipolipima na kuliona kuwa ni la hatari hiyo. Na kubwa kuliko yote, Shirika likapewa haki ya kupokea habari kutoka kwa watu wengine wasiokuwa serikali, kisha likaiuliza serikali: haya tuliyoyasikia ni kweli? Na serikali ikalazimishwa kujibu.

Mabadiliko ya 2024 yameongeza mengine. Imewekwa daraja mpya ya hatari, iitwayo dharura ya janga la dunia. Kila nchi imetakiwa iwe na mamlaka yake ya taifa ya kusimamia Kanuni hizi, pamoja na ile ofisi ambayo kazi yake ni kupokea na kupeleka habari usiku na mchana. Na katika orodha ya mambo ambayo kila nchi yatakiwa iwe na uwezo wa kuyafanya, pametiwa kupambana na habari za uongo na za upotoshaji. Neno hili la mwisho tutalirudia, kwani ndani yake mna mwiba.

Ndugu wanachama, tazameni jinsi sheria hii ilivyojengwa. Nesi wa kijijini humwambia daktari, daktari humwambia mkubwa wa wilaya, wilaya huiambia wizara, wizara huiambia Geneva. Habari yapanda ngazi, daraja baada ya daraja, mpaka juu kabisa. Je, ni lini inateremka? Wajibu wa saa 24 ni kwa Geneva. Kwa mama aliyeko Micheweni, ambaye mwanawe anatapika na kuharisha usiku wa manane, Kanuni hazikuweka saa hata moja. Zasema nchi iwe na uwezo wa kuwaeleza watu wake hatari iliyopo, lakini kuwa na uwezo ni jambo moja na kulazimika ni jambo jingine. Mwenye ulimi ana uwezo wa kusema, lakini akitaka hunyamaza.

Hapo ndipo tunaposimama sisi. Habari za maradhi si mali ya waziri, wala si mali ya Geneva. Ni mali ya wale ambao maradhi hayo yaweza kuwaua. Sheria inayomlazimisha mkubwa kumwambia mkubwa mwenziwe, na haimlazimishi kumwambia mwananchi, ni sheria nusu.

Kwetu Zanzibar kuna tatizo la pili juu ya hilo la kwanza. Katika orodha ya mambo ya Muungano iliyomo katika Katiba ya 1977, afya haimo. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, hospitali zake na sheria zake za afya ya jamii. Lakini mambo ya nchi za nje yamo katika orodha ile, na posta na simu zimo vilevile. Maana yake ni kwamba maradhi ni yetu na wagonjwa ni wetu, bali mlango wa kuyatangaza kwa dunia si wetu. Anayetambuliwa na Geneva ni Jamhuri ya Muungano. Tukiwa na mgonjwa Mnazi Mmoja, sauti ya kumripoti yapaswa ipite kwa mwenzetu kwanza. Na mwenzetu akiamua kunyamaza, sisi nasi tumenyamazishwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya siasa, ya kutafuta ila katika Muungano. Tuwajibu kwa mambo yaliyotokea, kwani mambo hayo hayana chama.

Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoingia, serikali zote mbili zilianza kwa kutangaza. Tarehe 29 Aprili 2020 Serikali ya Muungano ilisema kwamba wagonjwa nchini wamefika 480. Baada ya siku hiyo Bara iliacha kutoa takwimu. Wizara ya Zanzibar iliendelea kidogo, ikatoa taarifa yake siku chache za mwanzo wa Mei, na kwa hesabu hiyo jumla ikafika wagonjwa 509 na waliokufa 21. Kisha nayo ikanyamaza. Hesabu ile ya 509 ikabaki katika madaftari ya dunia zaidi ya mwaka mzima, kama saa iliyokatika. Watu waliendelea kuugua, misiba iliendelea kuwekwa, makaburi yaliendelea kuchimbwa, na daftari likaendelea kusema 509.

Tulinganishe na Kanuni. Sheria ya dunia ilikuwako, na nchi yetu ilikuwa imo ndani yake tangu 2007. Ofisi ya kupeleka habari ilikuwako. Wataalamu walikuwako. Kilichokosekana ni amri ya ndani ya nchi inayomfunga mkubwa kusema hata asipotaka. Kanuni za kimataifa hazina polisi. Mwenye kuzivunja huandikiwa barua.

Na si kunyamaza tu. Mwezi wa Julai 2020 zilitolewa kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, chini ya sheria ya mawasiliano ya Muungano. Katika orodha ya mambo yaliyokatazwa kuchapishwa pakatiwa habari za kuzuka kwa maradhi ya kuua au ya kuambukiza, yawe ya nchini au ya kwingineko, bila ya idhini ya mamlaka inayohusika. Fikirini maana yake, ndugu zetu. Mamlaka imekaa kimya, na asiye mamlaka haruhusiwi kusema mpaka apate idhini ya aliyekaa kimya. Kisima kimefungwa, na aliyechota maji kwingine ameitwa mwizi.

Sasa lirudieni lile neno tulilosema lina mwiba. Kupambana na habari za uongo ni jambo jema, na sisi hatulipingi. Uongo juu ya maradhi huua. Tumewaona watu wakiambiwa chanjo ni sumu, na wengine wakiuziwa maji ya majani kwa bei ya dawa. Lakini nani atakayeamua kwamba hili ni uongo? Ikiwa mwamuzi ni yule yule aliyeficha hesabu, basi ukweli wote usiopendeza utaitwa uongo, na atakayeusema atashikwa kwa jina la Geneva. Silaha ya kumpigia mwongo isije ikatiwa mkononi mwa mficha habari. Tunasema mapema, kabla silaha hiyo haijanolewa.

Katika kimya kile ni nani aliyesema? Kila Mzanzibari anajua. Tarehe 31 Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza hadharani kwamba mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amepimwa na kuonekana na maradhi ya Korona, yeye na baadhi ya watu wake wa karibu. Wakati huo wakubwa wengine walikuwa wakisema maradhi hayo hayapo nchini. Tarehe 17 Februari 2021 Maalim Seif alifariki dunia katika hospitali ya Muhimbili, na akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Siku 3 baadaye, tarehe 20 Februari, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani alitoa taarifa ya kuitaka Tanzania ianze tena kutoa hesabu za wagonjwa.

Watu wamemsifu Maalim kwa mengi: kwa subira yake, kwa kufungwa kwake, kwa kupigania sanduku la kura. Sisi twasema tusilisahau na hili. Mgonjwa aliyekubali jina lake litangazwe, wakati kutangaza kulikuwa ni kosa machoni mwa wenye nguvu, aliwafanyia wananchi kazi ambayo daftari la serikali lilikataa kuifanya. Waliosikia habari ile wako waliovaa barakoa, wako waliowazuia wazee wao kwenda kwenye mikusanyiko. Hatuwezi kuwahesabu waliosalimika, kwani anayesalimika haandikwi popote. Lakini twajua kwamba neno lile lilitoka chamani, halikutoka wizarani, na nchi isiyotaka aibu haipaswi kuuachia msiba wa mtu mmoja kazi ya serikali nzima.

Haki twaitoa. Baada ya Machi 2021 njia ilibadilika. Rais mpya, mzaliwa wa Kizimkazi, aliunda kamati ya wataalamu. Mwezi wa Juni 2021 akataja mbele ya watu idadi ya wagonjwa. Na mwezi wa Julai chanjo ikazinduliwa. Tulifurahi, na hatuoni haya kusema tulifurahi. Lakini jambo linalobadilika kwa kubadilika mtu laweza kurudi kwa kubadilika mtu. Hatutaki uwazi uwe ni tabia njema ya Rais fulani. Twataka uwe ni sheria, ambayo Rais mwema ataifurahia na Rais mbaya ataiogopa.

Na dalili zipo kwamba tabia ya kale haikung'oka mizizi. Mwezi wa Septemba 2019 Shirika la Afya Duniani lililalamika hadharani kwamba limeomba maelezo juu ya kifo cha mtu mmoja aliyeshukiwa kuwa na Ebola mjini Dar es Salaam, na halikupewa. Serikali ilisema Ebola haipo. Hatudai kwamba ilikuwapo. Tunachosema ni kuwa asemaye hakuna maradhi hana sababu ya kuficha vipimo vilivyomwonyesha kwamba hakuna. Tena tarehe 14 Januari 2025 Shirika lilitangaza kuwa mkoani Kagera kuna watu wanaoshukiwa kuwa na maradhi ya Marburg, na wengi wao wameshakufa. Wizara ya Bara ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha kitu. Tarehe 20 Januari, siku 6 baada ya tangazo la kwanza, Rais mwenyewe akathibitisha kwamba Marburg ipo. Mripuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, waliohesabiwa walikuwa 10, na wote 10 walikuwa wamekufa.

Hebu tumtazame jirani. Rwanda ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Wengi wa wagonjwa walikuwa ni madaktari na manesi, jambo ambalo serikali nyingi zingeliona ni aibu ya kufichwa. Rwanda ilitoa hesabu yake kwa watu siku baada ya siku: wangapi wamepimwa, wangapi wanaumwa, wangapi wamepona. Waliougua walikuwa 66, waliokufa 15, na tarehe 20 Desemba 2024 mripuko ukatangazwa kwisha. Hatusemi kwamba tangazo peke yake liliwaponya. Dawa na ufundi wa madaktari vilifanya kazi. Lakini mgonjwa aliyesikia tangazo huja hospitali siku ya kwanza, na asiyesikia huletwa siku ya mwisho. Siku hizo katikati ndizo zinazopambanua uhai na mauti.

Sasa tuisikie hoja ya upande wa pili, kwani asiyesikia hoja ya mwenziwe hajiamini na yake. Husemwa: mkitangaza mtawatisha wageni, na nchi yetu yala kwa wageni. Hoteli zitafungwa, vijana watakosa kazi, mama wa Paje na Jambiani watakosa wa kumuuzia. Hoja hii si ya kupuuzwa, na anayeicheka hajui nyumba ngapi hupika kwa fedha ya mgeni. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, mgeni wa leo hangoji tangazo letu. Ana simu mkononi, na serikali yake humpa maonyo kabla hajapanda ndege. Akisikia kuna maradhi na serikali ya nchi yakana, haogopi maradhi peke yake, huiogopa na nchi. Pili, Kanuni zenyewe zazitaka nchi nyingine zisifunge milango wala kuzuia biashara kupita kiasi cha haja. Anayedai haki hiyo ni yule aliyeripoti kwa wakati. Mwenye kuficha atasimama mbele ya dunia kwa hoja gani?

Husemwa tena: wananchi watapata hofu. Twauliza, ni hofu gani kubwa kuliko ya kuona majirani wanazikwa na hujui wamekufa kwa nini? Hofu ya mtu aliyeambiwa humfanya achemshe maji na kunawa mikono. Hofu ya mtu aliyefichwa humfanya aamini kila mnong'ono wa barazani.

Wala tusidhani kwamba kuripoti ni elimu ya kigeni ambayo sisi wa visiwani tumeshindwa kuijua. Kipindupindu kilipoangamiza watu wa Zanzibar mwaka 1869 na 1870, daktari Mskochi aliyekuwa akiishi hapa, James Christie, aliifuata njia ya maradhi yale toka bara hadi pwani, na mwaka 1876 akaichapisha katika kitabu. Aliijuaje njia ile? Aliwauliza wasafiri na wafanyabiashara wa misafara. Watu wa kawaida ndio waliokuwa na habari. Yeye aliikusanya akaiandika.

Na karibu yetu zaidi, litazameni jambo la malaria. Tangu 2008 vituo vya afya vya Unguja na Pemba vilianza kuripoti wagonjwa wa malaria kila wiki kwa simu ya mkono, na tangu 2012 kukawa na mpango ambao kila mgonjwa mmoja akionekana, ofisa humfuata mpaka nyumbani kwake, akawapima walio chini ya dari moja naye. Kwa vyandarua, dawa, kupiga dawa majumbani na kuripoti huku kwa haraka, malaria iliyokuwa ikiua watoto wetu kwa wingi ilishuka mpaka chini ya asilimia 1 ya watu kuonekana nayo. Dunia ilikuja kutazama. Nani aliyefanya kazi hiyo? Manesi wa vijijini, maofisa wenye pikipiki, na wenye nyumba waliofungua milango. Serikali ilitangaza, haikuona haya, na mgeni hakukimbia. Basi twauliza: iwapo twaweza kumhesabu mgonjwa mmoja mmoja wa malaria, kwa nini twashindwa kusema hesabu ya maradhi mengine? Uwezo upo. Kinachohitajika ni nia, na nia ya mkubwa isiyofungwa kwa sheria haina dhamana.

Kwa hiyo, wakati huu ambapo Kanuni mpya zimekwisha kuanza na kila nchi yatakiwa kupanga upya nyumba yake, sisi twadai mambo manne, na tunawataka wawakilishi wetu wayapeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi.

Kwanza, sheria ya Zanzibar iweke saa kwa wananchi kama Kanuni zilivyoweka saa kwa Geneva. Siku ambayo habari ya maradhi ya hatari inapelekwa nje, siku hiyo hiyo itangazwe redioni na kwa kila sheha, kwa Kiswahili kinachofahamika, ikisema maradhi gani, yameonekana wapi, wangapi wameugua, na mtu afanye nini. Majina ya wagonjwa yasitajwe ila kwa ridhaa yao. Hesabu isifichwe kwa hali yoyote.

Pili, katika hiyo mamlaka mpya ya taifa, Zanzibar iwe na kiti kilichoandikwa, si cha hisani. Na itamkwe wazi kwamba Wizara ya Afya ya Zanzibar ina haki ya kutangaza hali ya visiwa hivi kwa watu wa visiwa hivi, bila kungoja Bara iseme au inyamaze.

Tatu, daktari, nesi au mwandishi atakayesema kweli juu ya maradhi kwa nia njema asifukuzwe wala asishitakiwe. Atakayedai kwamba habari ni ya uongo athibitishe mahakamani kwa vipimo, siyo kwa cheo.

Nne, hesabu za miezi ile iliyonyamaziwa zitafutwe. Hatuulizi ili tumwaibishe aliyekwisha kwenda mbele ya Mola wake. Twauliza kwa sababu kila familia iliyozika katika kimya kile ina haki ya kujua, na kwa sababu asiyejua alianguka wapi hawezi kuziba shimo.

Tumekwisha kuidai Serikali. Sasa tujidai na sisi wenyewe, kwani aibu ya kuficha maradhi haianzi Ikulu. Huanzia majumbani mwetu. Wangapi kati yetu tumemfungia mgonjwa wa kifua kikuu chumba cha nyuma, ili watu wasiseme? Wangapi wameosha maiti ya kipindupindu usiku, wakachelea kumwambia sheha? Chama kinachodai uwazi kwa wakubwa hakiwezi kuwa na wanachama wanaoogopa uwazi. Kila tawi limteue mtu mmoja mwaminifu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba mgonjwa yeyote wa dalili za kuambukiza, awe wa chama chetu au wa chama kingine, anafikishwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kwamba sheha anaarifiwa. Maradhi hayaulizi kadi ya chama. Na nesi akija nyumbani kuuliza, ajibiwe kwa kweli na apewe kiti. Yeye si mpelelezi, ni mlinzi.

Karatasi hii isiishie mkononi mwako. Mwenye kuona amsomee asiyeona, na aliyeko mjini ampelekee aliyeko shamba. Na pale mwakilishi wako atakapokuja kuomba kura au kuhani msiba, muulize swali moja tu: maradhi yakiingia kesho, sheria gani inakulazimisha uniambie? Akikosa jibu, mwambie arudi nalo.